Siku Réjean Aliponyamaza

Mume wangu Réjean alijiandaa kwa mvua ya barafu kwa miaka mingi, hasa kwa mdomo. Kila Novemba alituhutubia mezani: majirani wazembe, serikali imelala, nguzo za umeme zimeoza, na siku mambo yakiharibika ni yeye peke yake kwenye barabara yetu atakayekuwa na mwanga. Hatimaye alikwenda mjini Sherbrooke akanunua jenereta. Akaiweka gerejini ndani ya boksi lake, na kila mgeni aliyefika kwetu alipelekwa kuiamkia.

Januari mvua ikaja. Ingekuwa theluji tungeijua dawa yake: unachukua koleo. Hii ilikuwa mvua ya kawaida, yenye adabu zake, ila kila ilichokigusa kiliganda papo hapo. Miti inayogemwa shira ilivaa vioo, matawi yakaanza kukatika kwa mlio kama wa bunduki. Nyaya zilinenepa kama mkono wa mtu. Asubuhi moja nguzo iliyo mbele ya nyumba yetu ikainama taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha, ikajilaza barabarani. Friji ikanyamaza, na vipasha joto vyote vikapoa.

Réjean akafurahi kama mtoto siku ya Krismasi.

"Unaona, Odile? Unaona? Mimi nilisema nini?"

"Ulisema mengi."

"Mama, si nilisema?"

Mama yake, Fernande, alikuwa ameketi jikoni na koti lake la manyoya. Réjean alikuwa amemchukua kijijini siku iliyotangulia, apende asipende, ili aje kuokolewa.

"Ulisema, mwanangu," akajibu. "Sasa washa hicho kitu, miguu imekufa ganzi."

Kilichofuata ni mjadala wa kitaalamu. Mimi niliuliza kama jenereta haiwekwi nje.

"Nje inanyesha. Ikilowa imeharibika."

"Na moshi wake?"

"Odile, mimi nimesoma maelezo."

Alikuwa amesoma mpaka kwenye picha. Akaiwasha humo humo gerejini, akainua mlango mkubwa kiasi cha paka kupita, akapitisha waya kwenye mlango wa jikoni na kuziba uwazi kwa taulo. Taa ikawaka. Hita ndogo ikaanza kuvuma. Réjean akasimama katikati ya jikoni, mikono kiunoni, akingoja makofi.

Badala ya makofi, kengele ya kuonya kuhusu hewa yenye sumu, iliyoko ukutani, ikaanza kupiga kelele.

"Kidude hiki kinaharibiwa na baridi," akasema. Akakitoa betri, akaitia kwenye redio ili tupate habari. Na redio, kwa shukrani, ikatwambia tusiwashe jenereta ndani ya nyumba wala gerejini, kwa sababu gesi yake haina harufu na inaua.

"Kuna watu wajinga kweli nchi hii," akasema Réjean.

Nilicheka. Naapa nilicheka, nikidhani wajinga ni wale wanaoiweka sebuleni; sisi mlango wa gereji tuliuinua.

Nikapasha supu ya njegere. Kichwa kilianza kuniuma, na sikushangaa, maana Réjean alikuwa akiongea tangu asubuhi. Mama mkwe akasinzia mezani, mashavu mekundu kama bibi harusi. Nikasema moyoni, tazama, baraka ya joto hiyo. Réjean alikuwa anatueleza jinsi majirani watakavyokuja kutupigia magoti, mmoja mmoja, na masharti atakayowapa. Akafika kwa Ludger, mzee wa ng'ambo ya barabara aliyefiwa na mke, ambaye bado anafuga farasi. "Huyo," akasema, "nitamwambia..."

Hakumaliza.

Nikangoja. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona Réjean akiacha sentensi njiani. Anaongea akinyoa ndevu, anaongea usingizini. Alikuwa ameketi, kijiko mkononi, ananitazama bila kuniona. Hapo ndipo nilipoogopa. Kengele haikunitisha, redio haikunitisha, lakini ukimya ule ulinitisha.

Nilisimama, miguu ikakataa. Nikatambaa hadi mlango wa mbele, nikaufungua, nikavuta hewa ya baridi hadi kifua kikauma. Nikarudi, nikamkamata mama mkwe kwapani na kumburuta kwenye sakafu hadi kizingitini. Nikamlaza juu ya boksi tupu la jenereta, lililokuwa limetupwa barazani, nikamsukuma. Akateleza mpaka kwenye uzio. Hiyo ndiyo huduma pekee tuliyopata kutokana na ununuzi ule.

Réjean alikuwa mzito zaidi. Sijui nilimtoaje. Nilipomfikisha nje nilimpiga kofi, nikampiga jingine.

"Ongea!" nikapiga kelele. "Ongea, bwana wee! Ongea chochote!"

Akatapika. Nikamkumbatia nikilia, mvua ikitugandisha nywele.

Ludger alisikia kelele zangu. Barabarani gari lisingepita, kwa matawi na nyaya, na hata mtu kusimama ilikuwa kazi. Lakini farasi wake, Caporal, alikuwa na viatu vya misumari, akaja juu ya barafu kama anayekanyaga zulia, akivuta sleji, mkokoteni usio na magurudumu, wa kubebea magogo. Ludger alitutazama mmoja mmoja.

"Nani kafa?"

"Bado hakuna," nikasema.

"Basi pandeni."

Akatupitisha mashambani hadi kituo cha zimamoto cha kijiji. Huko mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu alitufunika pua kwa barakoa za oksijeni, kisha akauliza nani kawasha jenereta ndani. Réjean alijaribu kueleza, lakini barakoa ilimziba. Nilitamani tungepewa moja tukakae nayo nyumbani.

Tulipona wote. Daktari aliyeitwa pale kituoni alituambia tungechelewa kidogo tu, supu ile ingekuwa ya mwisho. Réjean alisikia, akaushika mkono wangu bila kutoa maelezo.

Umeme haukurudi kwa wiki kadhaa, nasi tukalala kwa Ludger, karibu na jiko lake la kuni, katika nyumba inayonuka farasi kila pembe. Réjean alipewa kazi ya kuzoa samadi. Kila jioni Ludger na mama mkwe walicheza karata, na mama mkwe aliiba waziwazi.

"Fernande, huyo malkia umemtoa wapi?"

"Nimezaliwa naye. Cheza, mzee, usinichoshe."

Siku taa zilipowaka, Réjean alileta gari hadi mlangoni na kulipakia sanduku la mama yake.

"Mama, umeme umerudi!"

"Nimesikia. Masikio yangu hayana kasoro."

"Basi twende nyumbani."

"Nenda wewe, mwanangu, ukawashe taa zako."

Réjean akamgeukia Ludger, pengine akitarajia msaada. Mzee alikuwa anachanganya karata, masikio yamemwiva kwa haya.

"Kuni zipo," akasema Ludger.

Nikaenda garini nikalishusha sanduku la mama mkwe.