Injini Aliyoichagua Johana

Kwa miaka mingi, mtu wa upande wa Kapkatet akisumbuliwa na injini alimtafuta Johana. Alikuwa msimamizi wa chumba cha injini katika kiwanda cha chai, lakini siku za mapumziko ungemkuta kwenye vinu vya posho na mashamba yenye trekta, mkononi ana bisibisi moja ndefu. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa injini inayonguruma, akaubana mpini sikioni na kufumba macho. Watu walinyamaza wakimngoja. Kisha alisema: valvu ya pili imelegea, au beringi imekwisha, au hii noseli inakojoa badala ya kunyunyiza. Wakifungua, wanakuta hivyo hivyo.

Sasa sikio hilo lilikuwa limeanza kufa, na hakumwambia mtu.

Hakujua lilianza lini hasa. Ndege ndio waliotangulia kunyamaza, ikafuata kengele ya kanisa, halafu sauti ya binti yake Winny akimwita kutoka jikoni. Alikuwa amesimama kati ya jenereta maisha yake yote bila kuziba masikio, na hayo ndiyo yalikuwa malipo yake. Kiwandani alijifunza kusoma midomo ya watu na kutazama mishale ya geji. Kanisani alisimama wenzake waliposimama. Mkewe Chepchirchir alikuwa ameacha kumsemesha akiwa nyuma yake. Alizunguka hadi mbele, akangoja atazamwe, ndipo akasema. Hawakuwahi kulitaja jambo hilo. Johana alimshukuru kimoyomoyo, na papo hapo akaona haya kwamba mkewe amelazimika kujifunza kitu kama hicho.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka wa 1995, Oyoo alipokuja.

Oyoo alikuwa rafiki yake wa tangu ujana. Alikuwa amefanya kazi kwenye boila za kiwanda hicho hicho mpaka akastaafu na kurudi kwao Mbita, kando ya ziwa. Mkewe, Christabel, alibaki Kapkatet kwa sababu kibanda chake cha vitambaa sokoni kilikuwa kinakwenda vizuri. Oyoo alikuwa anajenga boti. Alimweleza Johana wakiwa wameketi nje, mbele ya majani ya chai.

"Si ya kuvua samaki," alisema. "Ni ya safari. Mbita mpaka Mwanza, Mwanza mpaka Bukoba, na visiwa vyote hapo katikati. Tunaweza kukaa majini wiki nzima tukibeba mizigo ya watu."

"Si uweke mashine ya petroli ile ya nyuma, kama wengine?"

"Hiyo inakunywa mafuta kama mlevi, na ukiiacha ufukweni inaibiwa. Nataka dizeli, ikae tumboni mwa boti. Na Johana, huko katikati hakuna gereji. Ikizima, na wewe umezima. Ndio nataka wewe uchague. Mtu mwingine simwamini."

Johana alisoma maneno hayo kwenye midomo yake, na yakamwingia. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake akaanza kumfundisha.

"Usitafute ile ya nguvu sana," alisema. "Tafuta ile inazunguka pole pole na haichoki. Isiwe na turbo. Kama inaweza kuwashwa na mkono, hiyo ni bora zaidi, maana betri na maji hazipatani. Na spea zipatikane Kisumu na Mwanza pia."

Oyoo alikuwa amesikia habari za injini mbili. Ya kwanza ilikuwa Boito, kwenye kinu cha posho ambacho mmiliki wake alikuwa ameletewa umeme na sasa hakuhitaji dizeli. Walikwenda kuiona. Ilikuwa injini ya silinda mbili, nzito, nyeusi kwa masizi, yenye gurudumu kubwa ubavuni. Mwenye kinu aliizungusha kwa mkono ikawaka. Moshi wake ulikuwa hafifu. Johana akachomoa kijiti cha oili, akaipangusa kwa vidole, akaiona safi. Kisha akatoa bisibisi.

Hakusikia kitu. Kulikuwa na mvumo tu, kama maporomoko ya maji yaliyo mbali sana. Akaweka kiganja juu ya injini kwa namna ambayo watu wangedhani ni sehemu ya kazi, na kiganja kikatikiswa vibaya. Injini iliruka na kutulia, ikaruka na kutulia. Katika siku zake za kusikia angejua papo hapo kwamba injini ya silinda mbili hutembea hivyo, kwamba huo ndio mwendo wake hata ikiwa mpya. Lakini kiganja hakikuwa na ujuzi wa sikio, na mtu aliyejawa na hofu hupima vibaya.

"Inatikisika sana," akamwambia Oyoo. "Hebu tuone hiyo ingine kwanza."

Ya pili ilikuwa Kedowa, kando ya barabara kuu, kwa Nyamweya aliyeuza vyuma vya magari yaliyopata ajali. Ilikuwa injini ya lori, silinda sita, imefungwa juu ya magogo na kuoshwa mpaka inang'aa. Nyamweya akaiwasha kwa betri. Johana akaweka kiganja, na chuma kikatetemeka kidogo tu, laini, kama mgongo wa ng'ombe anayecheua. Moshi ulikuwa mzuri. Kwenye mdomo wa kujazia oili hakukutoka mvuke mwingi. Yote ambayo macho na mkono vinaweza kusoma, Johana aliyasoma kwa uaminifu.

Kisha akainama na bisibisi. Alifumba macho kama alivyofanya siku zote, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Alipofumbua, Oyoo alikuwa anamtazama usoni kama mgonjwa anayemtazama daktari. Nyamweya naye alikuwa anamtazama, ila kwa jicho la mtu anayengoja kukamatwa.

"Unasikiaje?" Oyoo akauliza.

Johana alifikiria kusema, "Sisikii, mwite mtu mwingine." Aliwaza jinsi Nyamweya angecheka, jinsi habari ingefika kiwandani kabla yake, na jinsi watu wangekumbuka kila injini aliyowahi kuwatengenezea na kuanza kujiuliza.

"Safi," akasema. "Chukua hii."

Oyoo alifungua mdomo kama mtu aliyetaka kuuliza neno, akalimeza. Halafu akampa Nyamweya mkono.

Boti iliingia majini mwaka uliofuata. Salamu zilikuja kwamba imekwenda kisiwa cha Mfangano ikarudi vizuri, na Johana akaanza kulala. Akajiambia kwamba huenda kiganja nacho ni sikio.

Asubuhi moja, zamu ikiwa imepamba moto, Ouko akamjia chumba cha injini. Ouko alikuwa mpwa wa Oyoo, fundi kijana katika kiwanda hicho. Alisimama upande, jenereta zikinguruma, akasema maneno mengi kwa haraka. Johana alishika machache: Oyoo, injini, Mwanza. Akaelewa kwamba boti imefika Mwanza. Akatabasamu, akampiga Ouko begani na kusema, "Vizuri sana. Nilijua tu."

Ouko alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Johana kwa namna ambayo Johana hakuwahi kutazamwa na kijana yeyote, kisha akageuka akatoka. Johana alibaki na tabasamu ambalo hakujua aliweke wapi.

Mchana Chepchirchir alimkuta langoni mwa boma. Alimzuia, akasubiri macho yake.

"Oyoo ameungua," akasema polepole, akitamka kila neno. "Injini ilivunjika katikati ya ziwa wakienda Mwanza. Chuma kilitoboa ubavu wa injini, oili ya moto ikamrukia mkono. Upepo uliwasukuma mpaka wavuvi wa Ukerewe wakawaona. Amerudishwa kwa Christabel, hapa Kapkatet." Akamkazia macho. "Ouko ameniambia ulicheka."

Johana aliketi juu ya jiwe lililokuwa langoni. Watu waliokuwa wakirudi kutoka kituo cha kupima majani ya chai, vikapu mgongoni, walimsalimu wakipita, naye hakuwajibu, na safari hii si kwa sababu ya masikio.

"Baba Winny," mkewe akasema, "mimi nimenyamaza muda mrefu. Nilidhani nakulinda. Enda umwambie."

Alikwenda. Nyumba ya Christabel ilikuwa nyuma ya soko, chumba na sebule. Christabel alimfungulia, asimwambie karibu; alisogea tu kando apite. Oyoo alikuwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umefungwa bendeji kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko. Alikuwa amekonda.

"Beringi ya kombe," Oyoo akasema, akitaja fimbo ya chuma inayosukumwa na pistoni. "Ilikwisha, kombe likakatika."

Johana alisimama. Aliona asingeweza kusema akiwa ameketi kwa watu hawa.

"Mimi sisikii," akasema. "Ni miaka sasa. Pale Kedowa sikusikia kitu. Niliweka bisibisi nikafunga macho, na hakukuwa na kitu. Nikakwambia ni safi. Na leo asubuhi Ouko akiniambia umeungua, sikumsikia pia. Nilidhani ananiambia mmefika."

Johana alitazama midomo yao, mmoja hadi mwingine, akihofu kupitwa na neno. Oyoo alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa na maji, na Johana akajiandaa kufukuzwa.

"Mimi nilisikia," Oyoo akasema.

Johana alidhani amesoma vibaya. "Sema tena."

"Pale Kedowa. Nilisikia ikigonga. Tok, tok, ndani kabisa. Nimekaa na wewe kiwandani miaka hiyo yote, si kidogo nimejifunza. Nikakuangalia uso. Nikasema, kama ingekuwa ubaya Johana angesikia. Nikaona haya kukuuliza mbele ya Nyamweya, nisionekane najua kuliko wewe."

Christabel, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja mpaka katikati yao. Hakupaza sauti, lakini Johana aliliona kila neno.

"Kwa hivyo mmoja alisikia akanyamaza, na mwingine hakusikia akaongea," alisema. "Na kwenye boti kulikuwa na watu watano. Mlikuwa mnawaonea haya nani? Nyamweya?"

Christabel alitoka akaenda jikoni, akakaa huko. Wanaume hao wawili walibaki pamoja mpaka jua likahama dirishani. Johana alipoaga, Oyoo alimpa mkono wa kulia, mzima, na hakuuachilia haraka.

Kiwandani alimwendea meneja mwenyewe, kabla hajaitwa. Alitolewa chumba cha injini na kupelekwa stoo kugawa vipuri, na nafasi yake akapewa Ouko. Alimtafuta Ouko amweleze lile tabasamu. Ouko alisikiliza, akasema, "Sawa, mzee," na tangu hapo alipoongea naye alisimama mbele. Hiyo nayo ilimchoma Johana, wema wa kijana aliyekuwa na haki ya kukasirika. Kanisani alihamia benchi la mbele ili aone mdomo wa mhubiri. Jumapili ya kwanza alihisi macho ya waumini yote yako kisogoni mwake.

Bendeji zilipofunguliwa, Oyoo alimtumia ujumbe kwamba ile injini ya Boito bado ipo na anataka waende tena. Johana alikataa. Oyoo akaja mwenyewe, na Christabel.

"Sikuiti uje usikilize," Oyoo akasema. "Nakuita uje utuambie tusikilize nini."

Walikwenda watatu. Mwenye kinu aliizungusha, ikawaka. Johana akampa Christabel bisibisi, akamwonyesha mahali pa kuweka ncha na jinsi ya kuubana mpini sikioni. Mwenye kinu alishangaa kuona mama amevaa kitambaa kizuri cha kichwa akiinamia injini.

"Niambie unasikia nini," Johana akasema. "Usinifichie, hata kama ni kidogo."

Christabel alisikiliza. "Inapiga, inapumzika. Inapiga, inapumzika."

"Hiyo ni mwendo wake. Chini ya hapo kuna kitu kingine? Kama mtu anagonga mlango ndani?"

Alihamisha ncha mahali pengine, kisha pengine tena. Alichukua muda. Oyoo naye akachukua bisibisi, akasikiliza kwa zamu yake, na Johana akamwambia wazi mbele ya mwenye kinu, "Ukisikia chochote, sema. Hata kama mimi nafikiri tofauti." Oyoo alisikiliza kila silinda, na hapakuwa na kitu kinachogonga ndani. Walifungua mfuniko wa chini, Johana akaingiza mkono na kushika kila kombe, akilisukuma na kulivuta. Hakuna kilichocheza. Ndipo wakaichukua.

Injini hiyo ilikuwa polepole. Wafanyabiashara wa Mbita waliikejeli kwamba inatembea kama bibi harusi. Lakini ilikwenda Mwanza, ikaenda Bukoba, ikarudi, na ikaenda tena.

Oyoo akija Kapkatet huwa anapita kwa Johana. Chepchirchir huwaletea chai. Oyoo hunyoosha mkono wa kushoto kwa mazoea, vidole vinakataa kufunga sawasawa kwenye kikombe, halafu anabadilisha na kuchukua kwa mkono wa kulia huku anaendelea na hadithi yake ya ziwa. Kila mara Johana hutazama pembeni, kwenye majani ya chai, na kwa kitambo hicho kifupi huwa hajui rafiki yake anasema nini. Kisha humrudia na kumwambia, "Sikukupata hapo. Sema tena."