Vitone Vitatu Upande wa Kulia

Mdogo wangu hajawahi kumaliza kitu maishani mwake, hata chai huibakiza kikombeni. Lakini ndiye aliyepewa na Baba funguo za gereji. Mimi, niliyemzidi miaka sita na akili zaidi, nikaachiwa mashine ya kuchomelea kwenye kona ya nyuma. Nikameza. Nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuninyang'anya, au ndivyo nilivyojidanganya.

Kitu chenyewe kilikuwa alama. Baba alinifundisha tangu nikiwa binti mdogo: ukimaliza kuchomelea, ukakagua kwa macho na kwa nyundo, chukua panchi, kile chuma chenye ncha, ugonge vitone vitatu kando ya kazi yako. Bila vitone, gari halishuki kwenye jeki. Mimi ni mashoto, kwa hiyo vitone vyangu hulala kidogo, havisimami wima kama vya Baba. Alikuwa akinitania, "Vitone vyako vimelewa, mwanangu." Wateja hawakuiona tofauti hiyo. Waliona vitone, wakaondoka roho zao zimetulia.

Mmoja wao alikuwa daktari wa meno ambaye siku za mapumziko hugeuka dereva wa mashindano. Wenzake wote wa mashindano walikuja kwetu kwa sababu yake. Safari hii alileta stebilaiza mpya ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayozuia gari lisilale kwenye kona. Ya zamani ilikuwa nene kama kidole gumba. Hii ilikuwa kama mpini wa nyundo. Nikasema mbele ya Baba kwamba fimbo nene namna ile itang'oa masikio ya chuma yanayoishikilia, kwa sababu fremu ya nyuma ya gari lile ni bati jembamba. Lazima kwanza tuchomelee vipande vya chuma, kushoto na kulia.

"Dada naye kwa kutisha watu!" mdogo wangu akacheka. Baba akasema nifanye.

Ijumaa jioni nikamaliza kushoto, nikagonga vitone. Kulia nilikuwa nimekwangua rangi tu, gesi ikaisha. Nikamwita mdogo wangu chini ya gari, nikamwonyesha kwa kidole.

"Huku bado. Gari lisitoke."

"Nimesikia, dada."

Asubuhi yake nikakuta jeki tupu. Alikuwa amefunga bolti na kumkabidhi daktari gari alfajiri, kwa kuwa daktari alikuwa na mashindano siku hiyo na bwana mdogo hakutaka kuonekana hawezi kazi. Nikatoa simu nimwonye daktari. Baba akanishika mkono.

"Niachie mimi. Nitampigia mwenyewe."

Nikamwachia. Baba yangu mzazi, ningemtilia shaka kwa lipi?

Hakupiga. Kwenye kona ya tatu sikio la kulia liling'oka pamoja na kipande cha fremu, nyuma ya gari ikateleza, likabiringika. Daktari akavunjika mkono wa kulia, ule anaong'olea meno.

Jumatatu gari lilivutwa hadi kwetu. Usiku ule nilimwonea huruma daktari na, sitaficha, nikalala usingizi mnono. Ukweli ulikuwa pale chini ya gari. Kushoto kuna kipande na vitone, kulia hakuna kitu. Mwenye macho angejua nani aliyelitoa gari kabla ya wakati.

Jumanne daktari akaja, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. Akainama na tochi. Upande wa kushoto kipande changu kilikuwa kimeng'ang'ania vilevile. Upande wa kulia palikuwa na shimo lenye kingo zilizochanika, na kando ya shimo, vitone vitatu.

"Hivi si vyako, fundi?" akaniuliza.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ameduwaa kuliko mimi, lakini kwa mambo ya namna hiyo ni mwepesi.

"Niliona vitone, daktari. Ndiyo maana nikalitoa."

"Si vyangu," nikasema. "Kulia sikumaliza."

"Basi ni vya nani?"

Vilikuwa vimesimama wima, vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameegemea meza yangu, anafuta panchi yangu kwa kitambaa taratibu, mvi zake zimejaa vumbi la chuma.  

Daktari akazima tochi. "Niliwaambia wenzangu wote wakaviamini vitone hivi," akasema. Akaondoka bila kunipa hata mkono wake mzima. Mdogo wangu akamfuata nje, akimfungulia mlango.

Tukabaki wawili.

"Baba, vyangu hulala."

"Najua, mwanangu." Hakuinua macho. "Lakini tunaojua ni mimi na wewe tu."

Nikachukua kinyago changu cha kuchomelea na glovu zangu. Panchi nilimwachia mkononi.