Kishindo Katikati ya Zaburi

Kishindo kilitukuta kanisani, kwenye ibada ya usiku, zaburi haijafika nusu. Kwanza madirisha yaliwaka meupe, nuru ikapita ukutani kama mtu anayekimbia na taa. Pakawa kimya. Kisha ukaja mlio ulioangusha lipu juu ya kinanda. Mji wetu wa Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, una kondoo wengi kuliko watu, na hakuna kinachovuma hapa ila upepo. Mzee Koos, ambaye hakuwa amepiga magoti tangu avunjike nyonga, alipiga magoti.

"Bwana amekuja," dada yangu Hester alininong'oneza. "Na Ruan hayupo."

Ruan, mwanawe wa pekee, alifanya kazi kwenye darubini kubwa mlimani, na kanisa alishaliacha. Hester hakungoja baraka. Nilimpeleka kwa gari, naye njia nzima macho juu, akingoja nyota zidondoke.

Tulimkuta Ruan kwenye mlango wa jengo la darubini.

"Ni jiwe tu, Mama. Limetoka angani likapasuka hewani."

"Kwa hiyo si mwisho."

"Si mwisho."

"Basi niambie, ninyi wa darubini, mwisho wenyewe utakuwaje?"

"Achana nayo, Mama."

"Nimekuja mbio nikidhani nakupoteza. Sema."

Akasema. Jua litavimba liiunguze dunia, na hata hapo si mwisho. Anga litazidi kutanuka, kila kitu kikiachana na mwenzake, nyota zizimike moja moja, libaki giza na baridi.

"Halafu nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja."

Hester aliketi kwenye ngazi. Maisha yake yote aliogopa moto wa siku ya mwisho. Lakini moto huo ulikuwa na mwenyewe, Mungu wa kumlilia; giza hili halikuwa na yeyote.

"Na wewe unalalaje, mwanangu?"

"Vibaya. Siku nyingine natamani mchungaji wenu awe amesema kweli, moto na vyote."

Hester akamvuta akae kando yake. "Hata pale kwenye kaburi la Yesu hesabu zilikuwa sawa, Ruan. Maiti hafufuki. Wale wanawake walibeba manukato ya maziko, wakakuta kaburi tupu."

"Huo si ushahidi, Mama."

"Sijasema ni ushahidi. Ndicho nilicho nacho."

Ruan hakurudi kanisani. Hester naye hawezi tena kulala taa ikiwa imezimwa. Lakini kila jioni, kabla Ruan hajaingia kazini, hupigiana simu. Mbingu hawazitaji, huzungumzia kondoo na ukame, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata.