Majani ya Alfajiri

Mjane Kaumba wa Kamina alikuwa na mbuzi ambaye hakuwa wake. Feza, mke wa askari wa kambini, ndiye aliyemwachia siku mumewe alipohamishwa. "Mama, umuchunge. Akizala, tutagawana." Mbuzi alikuwa na mimba, na Kaumba akaapa moyoni kwamba Feza akirudi atamkuta mzima, tena amenona.

Basi mama wa watu akajitesa. Kabla jogoo hajamaliza kuwika, yeye tayari yuko bondeni na mbuzi wake, kwenye majani laini yaliyolowa umande, maana aliamini hayo ndiyo yenye nguvu. Majirani wakamcheka kwamba hata marehemu mumewe hakudamkiwa hivyo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kwa Kaumba vyote viwili vikasikika mtaa mzima: mbuzi alianza kukohoa.

Alikohoa, akakonda, kamasi zikamtoka puani. Kaumba akafanya alichokijua. Akamtoa mapema zaidi, akamtafutia majani mabichi zaidi. Maskini, alikuwa akimlisha ugonjwa kwa mikono yake miwili.

Mimba ikatoka. Ndipo akamwita Nyembo, mganga wa mifugo, ambaye alitega sikio ubavuni mwa mbuzi kwa muda mrefu.

"Iko na tududu mu mapafu, mama. Ile tududu tunatokaka mu mavi ya mbuzi, tunapanda ku majani ya maji ya umande. Ungoje jua ikaushe majani, njo umupeleke."

Akampa dawa, na baada ya wiki mbili kikohozi kikapungua. Likabaki la Feza. Kaumba angeweza kusema mimba ilitoka yenyewe, nani angejua? Lakini Jumapili Feza alipopiga simu, ulimi ulikataa kudanganya.

"Feza, mutoto wa mbuzi alikufa mu tumbo. Miye njo nilimuuwa. Kila asubui nilikuwa namupeleka mu umande, nikizani namupenda."

Kaumba aliogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama," Feza akasema, "ku kambi kulikuwa bantu mingi ba kuniwekea mbuzi. Lakini weye, tangu tata, bwana yako, afe, haukuwa unatoka ata ku mulango. Njo maana nilikuletea weye."

Kaumba akaiweka simu chini. Akamkumbatia mbuzi shingoni, akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.