Jembe la Uwimana

Uwimana alikuwa akipalilia maharage chini ya migomba yake, kule Mugoma, Jovitus jirani yake alipopita njiani na kumsalimia, "Mgeni wetu, umeamkaje?" Neno "mgeni" likagonga jembe. Usoni mwa jembe pakawaka kitone cha mwanga, kidogo kuliko punje ya ulezi, cheupe cha kuumiza macho, kikazimika papo hapo. Uwimana akapitisha kidole. Chuma kilikuwa cha baridi, kama chuma chochote cha asubuhi. Akajibu kwamba ameamka salama, akaendelea kupalilia.

Mambo hayo yalianza masika, Jovitus alipong'oa minyaa ya mpaka na kuipanda upya, safu nzima ya migomba ya Uwimana ikabaki upande wa Jovitus. Wazazi wa Uwimana walivuka mto kutoka Rwanda kabla hajazaliwa; kitovu chake kilizikwa hapohapo Mugoma. Hakuna aliyemchukia. Walimwita mgeni kanisani, kisimani na msibani, kwa upole, na jembe likawaka kila lilipogongwa.

Mwalimu Novatus, anayefundisha fizikia sekondari, alikuja kulitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Litazame tu, haliumi."

Novatus aliweka shavu kwenye chuma, akaligeuza jembe juani. "Haya tuliyasoma chuoni. Chembe ndogo mno ikikipiga chuma kwa kasi, pale ilipopiga panapata moto wa kuyeyusha, kisha chuma kizima kinaunyonya ule moto, panaganda. Ukigusa, baridi."

"Basi hakijaumia."

"Kimeumia, mama. Punje za ndani ya chuma zinazoruka kwa pigo hilo hazirudi zote mahali pake. Kikipigwa sana kinavunjika kama chungu."

Siku baraza la kijiji lilipokaa kuamua ule mpaka, Uwimana alikwenda na jembe begani, maana alitoka shambani. Mwenyekiti akaeleza kwa heshima kwamba Jovitus ni mzawa, na kwamba mgeni, hata awe mwema namna gani, hushukuru kwa alichopewa. Jembe likawaka. Mzee mmoja akageuza kiti chake ili mwanga usimsumbue.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Uwimana alisema. "Mimi jembe nimelishika tangu utoto."

"Ni kweli," mwenyekiti akajibu. "Walisema tukupe jembe. Shamba hawakulitaja."

Watu wakacheka bila ubaya. Migomba ikawa ya Jovitus, na baraza likafungwa kwa sala.

Kesho yake Uwimana alipolipiga jembe ardhini, lilikatika vipande viwili bila hata kujikunja. Tangu hapo hakukalika. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akaingia ndani, akatoka, mwishowe akapanda gari hadi Lusahunga, ambako binti yake, Adelfina, huwauzia madereva wa malori ndizi za kuchoma. Huko nako hakutulia. Alikwenda na kurudi kando ya barabara, mikono ikimwasha kwa kukosa kazi, mpaka akasimama kwenye duka la vyuma na kushika jembe jipya.

"Karibu, mgeni," alisema muuzaji. "Chuma hicho, si mchezo."

Uwimana alilitazama jembe. Hapakuwaka kitu.

"Hebu sema tena."

"Karibu, mgeni!" muuzaji akapaza sauti, akidhani mama hasikii vizuri. Chuma kikatulia vilevile, naye akalinunua jembe.

Jioni Uwimana alimweleza binti yake. "Hapa mimi ni mgeni kweli. Neno linapita zake."

"Basi baki huku, mama. Kule unatafuta nini?"

"Baba yako amezikwa kule. Maharage nayo yanakaribia kuvunwa. Nikibaki huku, nitakuwa nani?"

Adelfina aligeuza ndizi zake motoni.

Uwimana aliporudi Mugoma alimkuta Jovitus ng'ambo ya minyaa, akikata mkungu kwenye ile migomba. Jirani alifurahi kumwona. Akachana chane moja, akaipitisha juu ya minyaa kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

"Umerudi, mgeni wetu! Chukua, zimekomaa vizuri."

Kwenye jembe jipya kikawaka kitone cha kwanza. Uwimana alizipokea ndizi, akashukuru, akaziweka kivulini. Kisha akaanza kulima, akianzia upande wake wa minyaa, kwenye mpaka mpya.