Mteja wa Nguo Elfu Tisa

Kikao cha bodi kilikuwa saa nne. Saa tatu na robo, Kikokotoo akagundua kuna binadamu mmoja aliyefulisha nguo elfu tisa ndani ya mwaka.

Jina la Kikokotoo alipachikwa na wenzake pale makao makuu ya kampuni ya udobi, kwa madai kwamba siku anazaliwa alianza kwa kuhesabu vidole vya mkunga. Kazi yake ilikuwa kupanga hesabu kwenye kompyuta: jedwali la wateja huku, jedwali la stakabadhi kule, na namba ya simu ya mteja ndiyo kamba ya kuyafunga pamoja. Kanuni nyepesi tu. Mtu alete nguo mara moja kwa mwaka, au kila wiki mpaka kola zichakae, anahesabiwa mmoja. Na tawi lenye wateja hai chini ya mia tatu linafungwa leo, kabla chai ya wajumbe haijapoa.

Tawi la shangazi yake, mama aliyemlea tangu meno ya utoto, lilikuwa na wateja thelathini na wanane tu kwenye ripoti ya juzi.

“Nguo elfu tisa! Mteja gani huyu, jongoo?” Hata jongoo angeomba apunguziwe soksi. Akaitazama namba ya simu ya huyo mteja. Namba hiyo aliijua kwa kichwa. Akaipiga.

“Shangazi, namba yako inafanya nini kwenye stakabadhi za watu?”

“Salamu siku hizi zimefutwa?”

“Shangazi, tafadhali!”

“Si hiyo mashine yenu, mwanangu. Bila simu haisogei. Watu nao hawatoi zao, wanasema mtawachosha na matangazo. Foleni imefika barabarani, kijana wa watu anataka suti ya usaili, mimi nimkodolee macho? Nikaweka yangu.”

“Umewameza wote! Hao wote kompyuta inawaona mtu mmoja tu.”

Nyuma ya shangazi pasi ya mvuke ilifoka, ikanyamaza.

“Kwa hiyo wanatufunga?”

Kikokotoo alikata simu, akashika kola ya blauzi yake kama afanyavyo akibanwa, na kidole kikagusa uzi.

Uzi! Katika kila tawi, mteja mpya hupewa alama yake ya uzi, rangi na mafundo, ikashonwa ndani ya nguo zake zote zisichanganyike mashineni. Alama hiyo huandikwa kwenye stakabadhi, sehemu ya maelezo, ambayo makao makuu hakuna mtu aliyewahi kuisoma. Akaing'oa namba ya simu kwenye kanuni, akafunga majedwali kwa alama ya uzi. Kompyuta ikahema kama mgonjwa wa pumu, ikatema: mia nne na sita.

Kwenye kikao, Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi humwita Pasi kwa jinsi anavyowahi kupata moto, alicheka kwa pua.

“Juzi thelathini na wanane, leo mia nne. Wamezaana? Tena tawi la shangazi yako!”

Wajumbe wakacheka. Mama Mwenyekiti wa bodi hakucheka. “Eleza, binti.”

Akaeleza habari ya namba ya shangazi na alama za uzi.

“Vizuri,” Pasi akasema. “Kipimo hicho kipitishe matawi yote, hapa hapa tukiona. Tujue kama hakikushonwa kwa mwili wa shangazi.”

Matawi mengine Kikokotoo hakuwa ameyajaribu. Namba zikiparaganyika, shangazi amekwisha, na yeye amekwisha naye. Akabonyeza.

Nguzo za rangi za grafu iliyoangazwa ukutani zikatikisika, moja kwa kila tawi. Nyingi zilisogea kidogo, zikatulia. Kisha ile ndefu kuliko zote, tawi linaloongozwa na shemeji yake Pasi, la kwanza kila mwaka, picha yake imetundikwa ukumbini, ikaanza kushuka. Kutoka elfu mbili ikashuka, ikashuka, mpaka mia mbili themanini.

“Nifungulie mteja mmoja wa hapo,” Mama Mwenyekiti akasema, na Kikokotoo akafungua. “Uzi mweupe, mafundo matatu. Kumbe kila akija anaandikiwa namba mpya ya simu! Moja, mbili, tatu, nne, tano, mpaka tisa; mtu mmoja amehesabiwa wateja tisa. Mkurugenzi, huyu tumpigie?”

“Pengine kipimo hiki kinahitaji muda,” Pasi alisema. “Tukisogeze mwezi ujao.”

“Umekitaka hapa hapa, tukiona. Chini ya mia tatu tunafanyaje?”

Pasi alitazama ukuta, akatazama wajumbe. Hakuna aliyemwazima macho.

“Tunafunga,” alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza kifungo.

“Na la shangazi?”

“Linabaki.”

Kikokotoo, aliyekuwa akiomba neno hilo tangu asubuhi, alikaa akiitazama ile nguzo iliyoporomoka, akiwaza wapiga pasi wa tawi hilo waliosimama chini yake, ambao saa hizi wananyoosha mashati bila habari.