Hayumo Kwenye Orodha

Mara ya tatu walipomtoboa mgongoni kumtoa maji, Mama Mapacha aliambiwa akalie kiti kinyumenyume, akumbatie egemeo, na asikohoe. Hilo la kutokohoa ndilo lililomshinda. Maji yaliyotoka kati ya mbavu zake yalijaza chupa ya kwanza, yakaanza ya pili, mekundu kama chai ya rangi.

"Ungekuwa kisima, mama, mtaa mzima ungekushukuru," nesi alimtania.

Akacheka, na kicheko kikamchoma ubavuni.

Miezi mingi kabla ya hapo alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu. Makohozi yalipimwa mara tatu na hayakuonyesha kitu, lakini zahanati haikuwa na kipimo kingine, na mtu anayekohoa huku anakonda ni lazima apewe jina la ugonjwa. Akapewa hilo. Jirani aliyekuwa akinywa naye uji kikombe kimoja akaanza kumwekea chake peke yake dirishani. Alimeza vidonge mpaka vikaisha. Kifua kikabaki vilevile. Yeye ndiye aliyebaki nusu.

Sasa daktari wa hospitali kubwa, binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa na majibu ya kipande cha nyama walichomkata. Majibu yalikaa wiki tisa. Mtaalamu wa kuvisoma vipande hivyo alikuwa mmoja, na vipande vilitoka kila upande wa nchi.

"Si kifua kikuu, mama. Ni saratani. Imekaa kwenye utando unaofunika pafu."

"Sijawahi kuvuta sigara, mwanangu. Hata moja."

"Hii haingojei sigara. Unafanya kazi gani?"

"Sina kazi. Niko nyumbani tu. Napika, nafua."

"Unafua nguo za nani?"

Swali gani hilo, aliwaza. Lakini akajibu. Tangu ana miaka tisa, mama yake alipofariki, alifua ovaroli za baba yake. Alipoolewa akafua za mumewe. Wote wawili walikuwa watu wa kiwanda kile kile cha mabati ya asbesto. Mumewe alisimamia mashine ya kuyakata, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Msumeno. Kabla ya kuziloweka ovaroli, Mama Mapacha alizikung'uta kwanza uani, la sivyo maji yaligeuka uji. Baba yake alikuwa na mzaha wake: akitoka kazini mweupe nywele hadi kope, alisema amezeeka tangu asubuhi, akioga atarudi kijana.

Daktari aliweka kalamu chini. "Lile vumbi ni nyuzi, mama. Nyembamba kuliko unywele. Zikiingia kifuani hazitoki. Zinaweza kukaa kimya miaka thelathini, arobaini, ndipo zianze."

"Baba yangu naye alikufa kwa kifua."

"Alipimwa?"

"Alizikwa."

Daktari aliichukua tena kalamu, akaliandika hilo. Kisha akamweleza bila kumzungusha: zipo dawa za kuupunguza mwendo ugonjwa, na maji yatatolewa kila yakijaa, ama kupona, hatamdanganya, hakuna. Akamwandikia barua. Sheria, alisema, inakitaka kiwanda kimtibu mtu aliyeugua kwa vumbi lake.

Yeye na mumewe waliipeleka barua kiwandani. Afisa utumishi alimwamkia Mama Mapacha kwa heshima, akamsogezea kiti chenye mto. Aliisoma barua mpaka mwisho, akafungua daftari kubwa, akashusha kidole taratibu ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayelitafuta jina kwa dhati.

"Hayumo kwenye orodha," alisema, akimtazama Msumeno.

"Si nipo hapa," alisema Mama Mapacha.

"Pole sana, mama. Sisi tunawajibika kwa wafanyakazi wetu. Umewahi kuajiriwa hapa?"

"Nimefua nguo zenu miaka thelathini na mbili."

"Nani alikutuma?"

 Kweli, nani alimtuma? Nguo zilikuwa zinarudi nyumbani chafu.

Afisa akamgeukia mumewe, na sauti ikapoteza heshima. "Kanuni inasema ovaroli haziendi nyumbani. Ulizipeleka kwa ruhusa ya nani?"

"Bosi, hapa hapana pa kufulia. Hata pa kuoga hapana."

"Sijakuuliza habari za kuoga."

Alitoka, akarudi na karatasi mbili. Ya kwanza ndiyo kanuni yenyewe. Mama Mapacha aliishika. Ilikuwa bado ina joto la mashine iliyoichapa. Ya pili ilisema kwamba Msumeno aliijua kanuni hiyo tangu siku aliyoajiriwa, akaivunja kwa hiari yake.

"Ukisaini, tumesamehe. Kesho unaingia zamu kama kawaida. Usiposaini, itabidi tulifuatilie kosa lako. Na sijui mgonjwa utamuuguza kwa pesa gani."

Msumeno alimtazama mkewe. Miaka yote ya ndoa Mama Mapacha hakuwahi kumwona na macho yale, macho ya mtu aliyetumbukia kisimani na anayengoja kuambiwa kama kuna kamba. Alitaka kumwambia asisaini. Akawafikiria mapacha, wana miaka sita tu. Maji yashazidi unga.

"Saini, baba watoto," alisema.

Mkono uliozoea kukata bati mstari ulionyooka bila rula ukaandika jina limepinda.

Walitembea mpaka karibu na nyumbani.

"Si wewe uliyenifanyia hivi," alisema mkewe.

"Aliyekuletea vumbi ni nani, basi?"



Kesho yake Msumeno aliingia zamu. Jua lilikuwa bado juu aliporudi. Mama Mapacha alikuwa amelala mkekani karibu na mlango, kwa kuwa chumbani hewa haikumtosha, na mapacha walikuwa wanachezea vizibo vya chupa. Walipomwona wakainuka kwa mbio, kila mmoja akitaka kumfikia kwanza.

"Msinishike!"

Hakuwahi kuwapandishia sauti. Walisimama ghafla hata mmoja akaanguka. Yeye alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta wa choo, akainua mikono juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Kope zake zilikuwa nyeupe.

"Msinishike," akarudia, sasa kwa sauti ndogo. "Tafadhalini."

Aliyeanguka akaanza kulia. Mwenzake akamgeukia mama yake.

"Mama, tumemkosea nini baba?"

Mama Mapacha alivuta pumzi amjibu. Ikafika nusu, ikagoma, kikohozi kikamchukua. Alikohoa, akakohoa, huku akiwaona kupitia machozi: watoto wawili katikati ya ua, na kule ukutani mume wake, mikono bado iko juu, hajui aishushie wapi.